Mshale Uliopima Kanzu

Ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu Salma, ingawa ni miaka mingi sasa na mengine mengi yameshanitoka. Ilikuwa Kwedizinga, uani kwa Mzee Sefu Mhina, jua limesimama utosini, na mimi kijana wa miaka ishirini na kitu nimevaa suruali pana chini na kamera kifuani. Siku ile nilimpiga mzee yule picha moja tu. Kwa picha hiyo moja nikaja kumharibia jina mtu mwingine kabisa, ambaye uani pale wala hakuwepo.

Nakusimulia kwa sababu jana ulikaa hapa barazani kwangu, ukatandaza vipande vya filamu mezani ukasema, "Baba mkubwa, wale jamaa wa Dar waliosafisha filamu wameniharibia kazi." Ulisema kwa uhakika. Hukusema huenda, hukusema nadhani. Ukaongeza kwamba umeshawaandika kwenye grupu lenu la wapiga picha ili wenzako wawakwepe. Mimi nikakuomba tu uniachie filamu ile mpaka leo. Usidhani nilikuwa sijali. Nilikuwa naisikia sauti yangu ya ujana ikitoka kinywani mwako, na haikunifurahisha hata kidogo.

Kabla sijaendelea, tuelewane. Mimi ni mtu wa kushuku, na hilo katika ukoo wetu si siri. Marehemu mama alikuwa akisema kwamba nikipewa uji, naukoroga kwanza nione chini kuna nini. Mpaka leo nikienda zahanati, nesi akinifunga ile mashine ya presha, namwuliza yenyewe ilipimwa lini. Muuza nyama ananijua, anaigeuza mizani upande wangu kabla sijafungua mdomo. Na yule kijana aliyekuja juzi akitaka nimwuzie kamera, akicheka hata pasipo kichekesho, nilimpa chai kisha nikamsindikiza hadi barabarani kuhakikisha ameondoka kweli. Kwa hiyo sikukalisha hapa kukuambia uache kushuku. Nataka kukueleza jinsi nilivyoshuku kila kitu isipokuwa kile kilichostahili kushukiwa.

Kamera yenyewe ndiyo hiyo hiyo uliyokwenda nayo kwenye harusi ya Magoma. Niliipata kwa bwana mmoja, fundi mitambo wa shamba la mkonge, alipokuwa anafungasha kurudi kwao. Wewe umeizoea simu inayofanya kila kitu yenyewe, lakini sisi wakati ule tuliiona kamera hii kuwa ya ajabu. Ukichungulia unamwona mtu mmoja ana sura mbili, moja kando ya nyingine, unaizungusha lenzi taratibu mpaka sura zikutane ziwe moja, hapo unajua picha itatoka kali. Na juu ya lenzi kuna kile kioo chenye vipele vipele mfano wa sega la nyuki. Mwanga ukikiangukia, mshale mwembamba unaamka ndani ya kidirisha cha juu. Haukutaka betri wala umeme. Unazungusha pete ya pili ya lenzi, ile ya kufungua na kufunga njia ya mwanga, mpaka mshale ukae katikati, basi, kazi imekwisha. Nimeitunza gizani ndani ya mfuko wake wa ngozi miaka yote hii, ndiyo maana mshale bado unacheza.

Wapiga picha wenzangu wa Handeni walikuwa wakikisia mwanga kwa macho. Wanatazama jua, wanatazama kivuli cha mtu kilivyo chini, wanapanga. Mimi niliwacheka. Nilikuwa na kitu ambacho wao hawakuwa nacho, tena kimetengenezwa na watu waliosoma. Nikiwaona wanakunja uso na kuhesabu kwa vidole, nawaonyesha mshale wangu na kuwaambia kuwa huu haukisii. Mtu mwenye kushuku uji wa mama yake, lakini mshale wa kiwandani hakuushuku hata siku moja. Sijui nilikuwa na akili gani.

Sasa, Mzee Sefu alikuwa anakwenda Hija. Miaka ile mtu wa Kwedizinga kwenda Makka lilikuwa jambo la vijiji vyote vya jirani kulijua. Na desturi yetu unaifahamu, anayekwenda safari ile haondoki na kinyongo cha mtu. Anawaita ndugu na majirani, hata wale waliowahi kugombania mpaka wa shamba, anawaomba radhi mmoja mmoja, maana huenda asirudi. Dua ilisomwa asubuhi, watu wakala, halafu wakapanga mstari uani kwenda kupeana naye mikono. Mzee alikaa kwenye kiti mbele ya nyumba yake, kanzu nyeupe, kofia nyeupe, na ukuta nyuma yake ulikuwa umepakwa chokaa upya kwa ajili ya siku ile. Waliomzunguka nao wote walikuwa ndani ya kanzu. Jua liliupiga weupe ule mpaka macho yakauma.

Mkewe, Bi Mwanaidi, ndiye aliyeniita. Aliniambia nimpige mzee picha moja ya peke yake, aiweke ndani wakati yeye hayupo. Filamu ilikuwa adimu, mwanangu. Ndani ya kamera kulikuwa na filamu ambayo nusu yake nilikuwa nimeshaipiga Magoma, wanafunzi na mwalimu wao wamekaa kwenye baraza ya shule, kivulini. Nilitaka nusu iliyobaki ifike mbali zaidi. Kwa hiyo nilijiwekea sheria: mtu mmoja, picha moja. Mshale ukikaa katikati, kurudia ni kufuja.

Nikasimama hatua nane hivi kutoka kwa mzee, nikainua kamera. Mshale ukaruka ukaenda kulala mwisho kabisa. Nikaanza kuifunga lenzi, nafunga, nafunga, nautazama mshale ukirudi kidogo kidogo kuelekea katikati. Wakati huo huo mzee akaanza kusema nami. Maneno yake nayajua kwa sababu Bi Mwanaidi alikuwepo na alikuja kunirudishia yote baadaye. Alisema hivi: "Rajabu, na wewe nisamehe. Ulipokuja kupiga picha za harusi ya binti yangu, tochi yangu ilipotea, na moyoni nikasema ni wewe. Sikumwambia mtu, lakini nilikushuku. Tochi niliikuta ndani ya gunia la mahindi."

Mzee wa umri wa baba yangu, mbele ya watu wote wale, ananiomba radhi mimi kwa jambo ambalo hata sikulijua. Na mimi nilimjibu. Nilimjibu nini, hilo nitakuambia mbele, maana hata mimi nilikuja kuambiwa na mtu mwingine. Ninachokumbuka mwenyewe ni mshale tu, jinsi ulivyotulia katikati pasipo kutetemeka, nami nikafyatua nikiwa nimeridhika.

Filamu tulikuwa tukiisafisha hapa Korogwe kwa Mzee Yohana. Alikuwa mtu wa mlimani, Msambaa wa Dindira, mrefu mwenye mgongo ulioinama kidogo, na vidole vyake vilikuwa na madoa ya kahawia kwa sababu ya dawa. Alikuwa na kistudio cha vyumba viwili, cha mbele cha wateja na cha nyuma cha giza, na mlango wa nyuma haukufunguliwa kwa mtu. Maneno yake yalikuwa machache sana. Unampa filamu, anaipokea, anaandika jina lako kwenye bahasha, anakuambia siku ya kurudi. Nami kwa tabia yangu, mtu asiyeongea namwona kama anaficha kitu.

Niliporudi kuchukua picha, alinipa bahasha, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliniuliza, "Hii ya mzee wa kanzu ulipiga saa ngapi?" Nikamwambia saa sita mchana. Akataka kuendelea kusema, lakini basi la Handeni lilikuwa linapiga honi nami nikatoka mbio. Niliifungua bahasha ndani ya basi. Wanafunzi wa Magoma walikuwa safi, unawahesabu hadi vifungo. Uani kwa Mzee Sefu niliona kanzu, yake na za wachache walioingia kwenye picha pembeni. Kanzu zilitoka vizuri ajabu, mikunjo yote inaonekana, hata tarizi ya kifuani. Juu ya kanzu, mahali pa nyuso, palikuwa na weusi mtupu. Mzee Sefu hakuwa na macho, hakuwa na mdomo, alikuwa kofia nyeupe iliyokaa juu ya giza.

Nikajiambia, basi, nitampiga tena akirudi.

Hakurudi. Habari ilikuja kwamba Mzee Sefu amefia huko huko baada ya kutimiza ibada, na amezikwa huko huko. Watu walisema amepata heri, na ni kweli, kuna wanaoomba mauti ya namna ile. Lakini Bi Mwanaidi hakuwa na kaburi la kwenda kulifyekea majani. Hakuwa na picha nyingine ya mumewe, mzee mwenyewe alikuwa hapendi kupigwa, hata harusini kwa binti yake aliikwepa kamera yangu. Nilipokwenda kumpa pole, alikuwa ameshaingia eda, akazungumza nami akiwa nyuma ya pazia. Hakuniuliza mengi. Aliniuliza tu, "Ile picha yake ipo?"

Hapo, mwanangu, ndipo nilipopotea. Ningeweza kusema sijui kilichotokea. Huo ndio ulikuwa ukweli, sikujua. Lakini nilimsikia mama yule anavyopumua nyuma ya pazia, nikaogopa, na nilipoogopa mdomo wangu ukatafuta mtu wa kumtwisha. Nikamwambia kwamba mimi nilipiga vizuri, mshale ulikuwa katikati, ila yule mzee wa Korogwe ameiharibu.

Nilipotoka pale nilikuwa nimeshaanza kuyaamini maneno yangu mwenyewe, na kufikia jioni nilikuwa na ushahidi. Mtu akitaka kushuku, ushahidi haumwishii. Kwa nini mlango wa nyuma daima umefungwa? Kwa nini aliniuliza saa, kama si kutafuta namna ya kunitupia mimi lawama? Kuna rafiki yangu alinibana, akaniuliza imekuwaje wanafunzi wa Magoma watoke safi na wakati filamu ni ile ile moja. Lilikuwa swali zuri. Mtu mwenye akili angeishia pale. Mimi nikamjibu kwamba hilo ndilo linaloonyesha amefanya kusudi, kaharibu ile ya Waislamu kwenye kanzu zao na kuwaacha wengine. Nimesema hivyo kwa kinywa changu hiki. Nakuambia nikiwa naona haya, na nisingekuambia kama ningekuwa na njia nyingine ya kukufundisha.

Eda ni miezi minne na siku kumi. Muda wote huo Bi Mwanaidi amekaa ndani, mimi nilikuwa nje nasema. Nilisema Kwedizinga, nikasema Handeni mjini kwa wapiga picha wenzangu, nikasema Magoma kwenye gulio. Sikusema kwa ukali. Nilisema kwa kunong'ona na kutikisa kichwa, na maneno ya namna hiyo ndiyo yanayoaminika zaidi. Wenzangu wakaanza kupeleka filamu zao kwingine. Walikuwa na hofu, na siwalaumu, maana aliyewatia hofu ni mimi. Nilipopita Korogwe siku moja nilimwona Mzee Yohana ameketi mlangoni kwake mchana kweupe, mikono magotini, hana mteja hata mmoja. Aliniona. Mimi nikavuka barabara.

Eda ilipokwisha, Bi Mwanaidi aliniita. Nilidhani ananiita kwa jambo jingine. Kumbe amevaa tayari, kanga mpya, viatu vya safari, kikapu mkononi. Akaniambia nimpeleke kwa huyo mzee wa Korogwe, ana neno la kumwuliza. Nilijaribu kumzuia. Nilimwambia mzee yule ni mjeuri, ni msiri, hatajibu kitu. Akanitazama kwa utulivu akasema, "Mimi sijamsikia akisema. Nimekusikia wewe tu." Tukapanda basi.

Tulipofika, Mzee Yohana alisimama, akampa Bi Mwanaidi pole ya msiba kabla hajaambiwa yeye ni nani. Alikuwa ameshajua. Watu waliokuja kumwuliza kama ni kweli ameharibu picha ya haji aliyefia Makka ndio waliompa habari ya msiba. Uzushi wangu ulikuwa umemfikia na jina la marehemu ndani yake. Akampa mama kiti, akamletea maji ya kunywa. Mimi sikupewa kiti, na sikukitafuta.

Bi Mwanaidi akamwuliza bila kuzunguka: huyu kijana anasema umeiharibu sura ya mume wangu, nami nimekuja kukusikia na wewe. Mzee Yohana hakuapa, hakufoka. Alinyoosha mkono kwangu, akaniomba filamu. Nilikuwa nayo mfukoni, nilikuwa natembea nayo kama hati ya kesi. Akaipeleka dirishani, akamwita mama asogee, na mimi nikasogea.

"Angalia hapa pembeni," akasema. "Unaziona hizi namba na haya maandishi madogo? Haya hakuyapiga Rajabu, wala sikuyapiga mimi. Yamepigwa kiwandani kabla filamu haijauzwa. Lakini hayaonekani mpaka filamu iingie kwenye dawa. Dawa ikiwa mbovu, au nikiitoa mapema, haya yanatoka yamefifia. Mama, yamefifia haya?"

Bi Mwanaidi hakujua kusoma vizuri, lakini kuona alikuwa anaona. Akasema yamekolea. Na kweli yalikuwa meusi tititi, tangu mwanzo wa filamu hadi mwisho, kwa wanafunzi wa Magoma na kwa Mzee Sefu, sawasawa. Filamu yote ilikuwa imeoga dawa moja, siku moja, ndani ya chombo kimoja. Mzee Yohana akaendelea kumweleza mama, mimi akiniacha nisikie mwenyewe, kwamba kwenye filamu kila kitu ni kinyume, penye mwanga pamekuwa peusi. Akamwonyesha kanzu, zilikuwa nyeusi na kila uzi umo. Akamwonyesha mahali pa uso, palikuwa pamebaki plastiki tupu inayopitisha jua la dirishani. Uso haukuwahi kuingia ndani ya filamu vya kutosha. Haukuharibiwa Korogwe. Ulipotea Kwedizinga, uani, siku ile ile.

Kisha akanigeukia. "Mshale wako umepima kanzu," akasema. "Umepima na chokaa ya ukutani. Ukakuambia jua ni kali, funga, na wewe ukafunga. Mtu alikuwa wapi?"

Akasema tena, kwa sauti ya chini, kwamba siku ile aliyoniuliza nilipiga saa ngapi alitaka kunieleza hayo, na tangu hapo alikuwa ananisubiri nirudi. Alinisubiri miezi yote ile, mwanangu. Mimi nilikuwa navuka barabara.

Halafu akaingia chumba cha giza, na kwa mara ya kwanza aliuacha mlango wazi. Nilichungulia. Palikuwa na meza, beseni tatu, taa nyekundu, na waya wa kuanikia. Hakuna kingine. Mlango ule ulikuwa unafungwa ili mwanga usiingie, mtoto mdogo angeweza kuelewa hilo. Akatoka na bahasha. Aliposikia kwamba mzee amefariki, alikumbuka kuwa siku ya kusafisha alikuwa ameinakili picha ile kwenye filamu yake mwenyewe kabla ya kunirudishia yangu, kwa sababu ilimsikitisha. Nakala hiyo akawa anaijaribu kila akikosa mteja, na wateja nilikuwa nimemkosesha mimi, kwa hiyo nafasi aliipata tele. Karatasi baada ya karatasi, sekunde hizi, sekunde zile, mpaka akapata moja.

Haikuwa picha nzuri. Kanzu ilikuwa imeyeyuka, ukuta haupo, ni weupe mtupu. Lakini katikati ya weupe ule kulikuwa na uso wa kijivu, chembe chembe, umetokea kwa mbali. Paji la uso lilionekana, na jicho moja vizuri kuliko la pili. Mdomo ulikuwa umefunguka kidogo, maana mzee alikuwa bado anazungumza nami nilipofyatua. Bi Mwanaidi aliishika karatasi kwa mikono miwili. Akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Akasema, "Ndiye."

Akalia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kanga, akaniuliza bila kuniangalia. "Hapa alikuwa anakuomba radhi. Alikuwa anakuambia alikushuku tochi, na hakumwambia mtu. Unakumbuka ulimjibu nini?"

Nikasema sikumbuki, na ilikuwa kweli.

"Ulimwambia, mzee, inua kidevu kidogo."

Nimepigwa viboko shuleni, nimewahi kuanguka na baiskeli kwenye mteremko, nimezika watu ninaowapenda. Lakini aibu ya siku ile sijapata nyingine ya kuifananisha nayo. Nilipiga goti pale pale mbele ya Mzee Yohana nikamwomba anisamehe. Akaniinua. Akasema yeye pale hana neno na mimi, ila maneno yale sikuyasemea pale, kwa hiyo nirudi nilikoyasemea.

Nilikwenda. Nilianza Kwedizinga, nikaenda Handeni, nikaenda Magoma siku ya gulio, nikawatafuta mmoja mmoja kama Mzee Sefu alivyofanya, nikawaambia kosa lilikuwa langu na nimemsingizia mtu. Wapo walioelewa. Wapo waliocheka. Wengi waliniangalia wakawa wananishuku mimi, wakisema bila shaka mzee wa Korogwe amenitisha au amenipa kitu. Hawakutaka kuurudisha uongo niliowapa, walikuwa wameshauzoea. Wenzangu wawili watatu walirudi kwa Mzee Yohana, na mimi nilipeleka kwake kila filamu niliyopiga. Haikutosha. Baada ya muda alikifunga kistudio akarudi Dindira kwenye shamba lake la chai. Sisemi ni mimi peke yangu niliyemfungisha. Lakini sisemi pia kwamba si mimi.

Kabla hajaondoka alinifundisha kuutumia mshale, na nakupa wewe kama alivyonipa. Alisema mshale si mwongo, ila haujui mtu ni nini. Unaujua mwanga basi, na ukiona weupe mwingi unadhani kila kitu kinawaka. Kwa hiyo sogea. Mfuate mtu mpaka kamera iwe karibu na uso wake, usome mshale hapo, upange lenzi, kisha urudi nyuma upige bila kugusa kitu, hata kama mshale umekimbilia mwisho na unakutishia. Ukishindwa kumsogelea, pima kiganja chako mwenyewe kwenye jua lile lile, halafu fungua lenzi kidogo zaidi, maana kiganja ni cheupe kuliko uso. Na ukisogea karibu namna hiyo, mwanangu, utasikia na anachokuambia.

Sasa tuje kwako. Leo asubuhi nimeipeleka filamu yako dirishani. Bibi harusi wa Magoma, gauni jeupe, turubai jeupe, saa saba mchana. Shela lake naliona hadi tundu za kitambaa. Uso wake siuoni. Na namba za pembeni, nimezitazama kwa miwani na bila miwani, zimekolea kutoka mwanzo hadi mwisho. Wale jamaa wa Dar siwajui na kwa desturi yangu nisingewaamini kwa urahisi. Lakini kwa hili hawana kosa. Kosa ni lako, na kabla yako ni langu, kwa sababu nilikukabidhi kamera nikasahau kukukabidhi habari hii.

Nakuusia basi, na uyashike. Shuku, maana dunia hii si ya kuifumbia macho, lakini kuwe na utaratibu. Anza kujishuku wewe mwenyewe. Ukijikuta huna kosa, kishuku kifaa ulichokishika, hata kama kina mshale na namba na kimetengenezwa na wasomi. Binadamu mwenzako awe wa mwisho, na hata huyo usimshuku mbele za watu kabla hujamwuliza akiwa amekaa mbele yako. Ukiwa na shaka naye moyoni, izuie humo humo, kama mzee yule alivyoizuia ya tochi yake, maana ikikaa moyoni unaweza kuiombea radhi kwa mtu mmoja. Ikishatoka nje hutajua uanzie kwa nani. Na mtu akikuomba radhi, shusha kamera.

Fungua simu yako. Ule ujumbe uliouandika kwenye grupu, usiufute tu kimya kimya, watadhani umetishwa. Andika mwingine chini yake, useme kosa ni lako, ueleze na namba za pembeni ili wenzako nao wajue pa kutazama. Andika nikikuona. Nakaa hapa hapa na chai yangu, sina haraka.

Mungu akulindie mikono na macho, akupe wateja wenye subira. Akuwekee mtu wa kweli wa kusafisha kazi zako. Na akujalie, binti wa mdogo wangu, uzione nyuso za watu kabla hujaziona kanzu zao. Haya, andika.